Boti Moja na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi Germantown, huku Marekani, nilijifunza kukohoa. Nilikohoa kabla ya kushuka ngazi, nikakohoa kabla ya kufungua friji, nikakohoa nikitoka bafuni, mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta akamuuliza mke wangu kama nimewahi kupimwa kifua. Kifua changu kilikuwa kizima. Nilikuwa mkwe tu, na mkwe akitembea katika nyumba alimo mama mkwe wake sharti atoe taarifa.

Kwetu, magharibi ya Kenya, mkwe na mama mkwe hawakutani hivi hivi. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa, hilo hata kulitaja ni aibu. Mtu wa nje akisikia atadhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote, na kule nyumbani haimsumbui mtu kwa sababu nafasi ipo. Ukisikia mama mkwe yuko njiani, wewe unakata kona kwenye mahindi, yeye anapita, mambo yameisha. Lakini nyumba zetu hizi zimebanwa ubavu kwa ubavu, ngazi ni moja na nyembamba, na jikoni ndiko sebuleni. Mahindi ya kujificha ningeyatoa wapi? Nilijificha gereji. Kuna jioni nilizokula wali wangu nimeketi juu ya tairi la akiba, nikimsikiliza mama mkwe juu ya kichwa changu akiburuta kiti.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Mrefu, mgongo umenyooka, sauti ya kunyamazisha paredi. Sauti hiyo hakuielekeza kwangu hata siku moja. Yote aliyokuwa nayo ya kuniambia yalipitia kwa mke wangu.

"Mwambie mwenzako taa ya gereji inawaka."

Nami nilikuwa pale pale, nimegeukia dirisha. Nilisubiri. Mke wangu akanigeukia: "Mama anasema taa ya gereji inawaka."

"Mwambie asante."

"Anasema asante, mama."

Ndivyo tulivyoishi, na usicheke, maana nilikuwa mlinzi wa mila hiyo kumzidi hata yeye. Nikimsikia kwenye ngazi moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyechelewa shule.

Mke wangu alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza baada ya miaka ya kuomba na kungoja. Mchana aliwahudumia wazee majumbani mwao, jioni alisomea uuguzi, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Mpango ulikuwa hivi: ajifungue mwezi wa Septemba, apumzike kidogo, kisha arudi darasani na wodini huku mama yake akishika mtoto. Bila mama, hakuna shule. Kituo cha kulelea watoto tulikwisha kukiulizia, tukasikia bei, tukatoka zetu. Karatasi za mama zilikuwa sawa, kaka mkubwa wa mke wangu aliyeko Texas alishazishughulikia, kwa hiyo hakuna afisa yeyote aliyemzuia kukaa nasi.

Aliyemzuia ni mimi, kwa kuwapo tu. Mei haijaisha, akamwita binti yake chumbani akamwambia atarudi nyumbani mwisho wa Julai. Alikuwa ameshakata tiketi.

"Siwezi kuishi kwa kujificha kama mwizi," alisema. "Na siwezi kuacha tulivyolelewa. Mwacha mila ni mtumwa."

Mke wangu alinieleza haya tukiwa ndani ya gari, mbele ya duka, injini imezimwa. Alilia mpaka kioo kikafunga ukungu. Rafiki yake wa kazini, mama wa Kizanzibari, alikuwa amemcheka: "Kwetu mkwe ni mwanangu, bibi we, namtuma hata sokoni!" Maneno hayo yalipomfikia mama, alijibu kwamba na wao wana mila zao, wazishike vizuri. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia aliyejenga ngazi nyembamba vile, nikawakasirikia wazee wetu wote waliotunga sheria wakiwa na ekari za kukimbilia. Baada ya hapo nikaenda kuvua.

Uvuvi niliuokota huku Marekani. Nafanya kazi kwenye nyumba za vioo za kituo cha utafiti wa kilimo kule Beltsville, namwagilia na kupogoa mimea ya majaribio, na mwenzangu wa zamu ni Mmarekani mzee, mtu wa maneno machache, anayekaribia kustaafu. Ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye ziwa la karibu na kwetu, kisha kwenye vijito vya baridi kule milimani kaskazini ya Frederick, ambako kuna samaki waitwao trauti. Nilikulia kando ya mto, lakini kule mtoto akienda na ndoano anatumwa mboga. Huku nilifundishwa kumvua samaki, kumtazama, na kumrudisha majini. Nilipomsimulia ndugu yangu kwa simu, aliniuliza kama nakula vizuri. Sikuweza kumweleza. Unasimama kwenye maji yanayokufikia magotini, unarusha mshipi, na kwa muda huo huna bosi, huna deni la usingizi, huna mama mkwe.

Mzee huyo ana kibanda cha mbao kwenye ziwa moja kaskazini kabisa, Maine, karibu na mpaka wa Kanada. Kila mwaka alikuwa akinialika, nami kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka huo aliponiambia kibanda kitakuwa wazi wiki moja ya Juni, nilianza kutoa sababu yangu ya kawaida, halafu akaongeza kwamba kuna na kijumba kingine cha wageni pale chini karibu na maji.

"Nyumba mbili?" nikamuuliza.

Akasema ndiyo, mbili. Hajui mpaka leo kwa nini nilimkumbatia.

Usiku ule mazungumzo yalikwenda hivi, mama akiwa mlangoni mwa chumba chake na mimi nikiwa nyuma ya mlango wa friji:

"Muulize, ni nyumba mbili zenye paa mbili?"

"Anauliza kama paa ni mbili."

"Mwambie ndiyo."

"Zimeshikana?"

"Mwambie hapana. Kuna misonobari katikati."

Akafikiri. Kisha akasema atakuja, kwa sharti kwamba na yeye akatiwe kibali cha uvuvi, maana hatakaa karibu na ndoano katika nchi ya watu bila karatasi. Nikamkatia. Matumaini yangu yalikuwa mepesi tu: kwamba akikaa wiki nzima bila kujificha, moyo wake utalainika, na mke wangu atapata nafasi ya kumwomba abaki.

Safari ilikuwa ndefu. Mama aliketi nyuma yangu, na kwa kuwa kioo cha ndani kilinionyesha uso wake, nilikiinua mpaka nikawa naona dari. Mke wangu alikishusha. Nikakiinua. "You want kutuua juu ya heshima?" aliuliza, na nadhani tulikuwa hatujavuka hata Delaware. Tulilala njiani kwenye nyumba ya wageni, vyumba mwisho huu na mwisho ule wa korido, na siku ya pili lami ikaisha, tukaingia barabara ya changarawe inayopita kwenye msitu usio na mwisho.

Ziwa lilinikata pumzi. Maji meusi, lakini ukiinama juu yake unaona mawe ya chini yamejipanga. Misonobari inashuka mpaka ukingoni. Hakuna nyumba nyingine machoni, hakuna mtandao wa simu, na ukitia mkono majini, ingawa ni Juni, vidole vinauma. Kuna ndege mmoja mkubwa huko, mweusi mwenye madoa meupe, analia kama mtu anayecheka msibani. Mama alipomsikia mara ya kwanza alikemea kwa jina la Yesu. Kulikuwa na visubi pia, wale nzi wadogo wanaouma nyuma ya masikio, lakini mama alisema hao anawajua tangu utotoni, akajifunga leso kichwani akaendelea na shughuli zake.

Wanawake walikaa nyumba ya juu, mimi nikakaa kijumba cha chini. Na kweli, mama alibadilika. Asubuhi nilimsikia akiimba. Alitembea wima kwenye ukingo wa maji, mikono nyuma, kama anayekagua madarasa. Chakula walikula nje kwenye meza ya mbao, mimi nikala kwenye ngazi ya kijumba changu, tukawa tunaonana kwa mbali kama majirani wema. Sikukohoa hata kidogo. Jioni ya pili mke wangu alijipa moyo, akamwomba avunje ile safari ya Julai.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapa ni sawa. Kule si hapa."

Mke wangu alishuka kunieleza. Hakulia safari hii. Uso wake ulikuwa umekaza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema ataandika barua ya kuacha shule tukirudi.

Sasa kuhusu boti. Ilikuwa ya bati, ya makasia, yenye mbao tatu za kukalia. Mpiga makasia hukaa katikati akitazama nyuma, na ndiyo maana mpangilio wetu uliwezekana: mama alikaa mbele kabisa, akitazama mbele, kwa hiyo tukawa mgongo kwa mgongo. Mke wangu alikaa nyuma, akinitazama. Siku mbili za kwanza tulivua hivyo, fimbo moja ya kuvulia nimeitegesha ubavuni, nyingine ameishika mama mwenyewe, chambo cha bati kinachometameta kikitufuata kwa mbali chini ya maji. Aliishika fimbo ile kama kiboko cha ofisini. Na kwa kuwa mpiga makasia haoni anakokwenda, mama ndiye aliyekuwa macho yangu. Maneno yake yalipita juu ya kichwa changu, yakamfikia binti yake, yakanirudia.

"Mwambie avute kushoto."

"Anasema kushoto."

Nikavuta kushoto. Samaki hatukupata, isipokuwa wadogo wawili niliowashika mimi, nikawarudisha, na mama akauliza kupitia kwa binti yake kama nina akili timamu.

Asubuhi ya tatu mama alikuwa ameshaketi mahali pake, jaketi la kuelea amelifunga mpaka kidevuni, fimbo mkononi. Mimi niko kwenye makasia. Mke wangu amesimama gatini ameshika kamba ya boti, na badala ya kuingia akawa anatutazama tu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

"Ingia tuondoke," nikamwambia.

"Siendi," akasema. "Mimi si simu. Nimechoka kuwa simu yenu. Mum, nimechoka. Nina mtoto tumboni, nina shule, nina kazi, na bado nabeba maneno yenu kama maji kwenye ndoo, kutoka huku kupeleka huku. I'm done."

Akaitupa kamba ndani ya boti. Akaweka mguu wake uliovimba kwenye ubavu wa boti, akatusukuma.

"Mwambie arudi!" mama akapaza sauti, na mpaka leo sijui alikuwa akimwambia nani amwambie nani.

Mke wangu alikwisha kugeuka. Alipanda mpaka nyumbani, akaingia, tukasikia mlango umefungwa. Boti ilizunguka polepole, ikasogea kwenye maji marefu. Ningeweza kurudi gatini kwa makasia machache. Lakini nilikuwa nimeona ule uso, na nikajua nikirudi nitamkuta mtu mwingine ndani. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikavuta makasia, tukaenda.

Ukimya wa boti ile sijawahi kuusikia kwingine. Hata yule ndege alinyamaza. Niliona misonobari ya gatini ikirudi nyuma, ikiwa midogo, na nyuma yangu nilisikia pumzi za mama mkwe na kigurudumu cha fimbo yake kikilia taratibu alipokuwa akiachia mshipi. Tulikatiza ghuba. Nilikuwa nafikiria barua ya kuacha shule, jinsi itakavyoanza, na mkono wa mke wangu ukiiandika.

"Mwambie kuna jiwe," mama akasema.

Nilimsikia. Nataka nieleweke hapo: nilimsikia vizuri kabisa, sauti yake haijawahi kuwa na tatizo. Na nikaendelea kupiga makasia, nikisubiri.

"Mwambie jiwe liko karibu."

Nikasubiri tena. Ndivyo nilivyozoea, miezi yote ile: sauti ya mama ilikuwa nusu ya maneno tu, nusu ya pili ikitoka kwa mke wangu, na mwili wangu haukujua kutii nusu. Nilitazama ubao wa nyuma nikingoja uniambie. Ubao ulikuwa mtupu. Ndipo nilipokumbuka mke wangu yuko kitandani, na boti ikapanda jiwe.

Ilipanda kwa mlio wa sufuria inayokwanguliwa. Mbele ikainuka, mama akateleza kutoka kwenye ubao wake, na mgongo wake ukaja kugonga mgongo wangu, pu, wote wawili na majaketi yetu. Hakuna aliyeanguka majini. Hakuna aliyesogea. Tulikaa hivyo tumeegemeana, mkwe na mama mkwe, katikati ya pori la Maine, na nakiri kwamba nilichokuwa nakifikiria ni kwamba nife.

Hapo ndipo fimbo yake ilipopinda.

Boti iliposimama, kile chambo cha bati kilikuwa kimezama kando ya jiwe, kwenye kina, na kule chini palikuwa na mwenyewe. Kigurudumu kikapiga kelele. Fimbo ikainama mpaka ncha ikagusa maji, na mama akaikumbatia kwa mikono yote.

"Wewe!" akapiga yowe. "Wewe, baba! Nifanye nini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu kwa mazoea: "Mwambie aachie kidogo, asikaze."

"Nimwambie nani?" akanguruma. "Niambie mimi!"

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikamtazama mama yule usoni, na yeye akanitazama. Miwani ilikuwa imemwendea upande. Macho yalikuwa yale yale ya mke wangu, pamoja na ile hasira yake ndogo ya asubuhi, na nilishtuka kwamba nimeishi na macho yale chini ya paa moja bila kuyajua.

"Achia, mama," nikasema. "Akivuta, mwachie. Akipumzika, zungusha."

"Anavuta!"

"Mwachie."

"Ameacha!"

"Zungusha. Polepole. Inua fimbo, mama, inua juu, hivyo."

Alipigana naye kwa jino na ukucha. Alimsemesha samaki yule kwa Kiluhya, maneno ambayo mwalimu mkuu hayasemi mbele ya watoto. Mara mbili alimleta karibu mpaka tukamwona kama kivuli cha kijivu, na mara mbili akapiga mbizi tena. Alipoanza kuchoka nilishika kitako cha fimbo pamoja naye, vidole vyangu karibu na vyake. Mwishowe nikatia wavu wa mkono chini ya maji na kumnyanyua: trauti wa ziwani, mrefu kama mkono wa mtu mpaka kwenye kiwiko na zaidi, kijivu chenye madoa meupe, mapezi ya chini yana ukingo mweupe kama maziwa. Nikampima kwenye alama za urefu alizochora mwenye boti ubaoni, akatimia. Wa namna ile tuliruhusiwa kumchukua.

"Huyu humrudishi," mama akasema.

"Simrudishi, mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa leso. Alihema kwa muda. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya ofisini hasa:

"Nilipokwambia kuna jiwe, ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Mbona hukugeuza?"

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mtu aniambie."

Alinitazama. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichotingisha boti mpaka bati likalia juu ya jiwe, akacheka na machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa sababu nilikuwa nimeogopa muda mrefu mno. Yule ndege naye akajibu kutoka ng'ambo, tukacheka zaidi.

Alipotulia, hakuwa anacheka tena hata kidogo.

"Na mtoto akiwa juu ya ngazi zenu zile," akasema. "Mimi niko jikoni nimemwona anaanguka. Wewe uko chini yake. Nitasema, mwambie. Na wewe utangoja."

Alikuwa akiona picha ile, nami niliiona.

"Hapana," akasema. Akatikisa kichwa. "Hapana, hapana. Hiyo siyo heshima."

Kisha akaniambia, na sikuwa nimewahi kuambiwa jambo refu hivyo na mama yule, kwamba kwao mwiko huu una mlango wake. Mkwe hupeleka mbuzi nyumbani kwa mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, akina mama wakaimba, na baada ya hapo wanaweza kusalimiana kama watu. Mimi sikuwahi kumpeleka kwa sababu karatasi zangu zilinikalisha huku miaka mingi, na harusi yetu ilifungwa huku huku. Alisema amekuwa akimngoja mbuzi yule kimoyomoyo, na kwamba hakutaka kumdai, maana anayedai heshima ameshaikosa.

"Nitamleta, mama. Karatasi zimekamilika sasa. Tutakuja na mtoto."

"Utamleta. Na huyu samaki usimhesabu, nimemvua mwenyewe." Akainyoosha miwani puani. "Mpaka siku hiyo, mezani tutakula kila mtu kwa zamu yake. Sitakupa mkono. Lakini neno la mtoto nitakwambia wewe, na wewe utanijibu mimi. Msichana yule amechoka."

"Ndiyo, mama."

Nilishuka kwenye jiwe, maji ya baridi yakanifika magotini na kunitoa pumzi, nikaisukuma boti mpaka ikaelea, nikarukia ndani. Mama alirudi kwenye ubao wake wa mbele, akanipa mgongo kama kawaida. Tukaanza kurudi.

"Kulia," akasema. "Kulia kwako, si kwangu. Hapo. Nyoosha."

Nilinyoosha. Samaki alikuwa kati yetu kwenye kitambaa chenye maji, na kila mara nilisikia mama akigeuka kumtazama. Aliniuliza anakula nini, nikamweleza. Aliniuliza mbona hatukumpata siku zile nyingine, nikamwambia huyu hapendi joto, Juni ikishika anashuka chini kabisa kutafuta baridi.

"Na baridi yenyewe ikija, anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Ziwa lote linafunga barafu. Yeye anabaki chini yake, anaendelea na maisha yake."

"Kwa hiyo hapo watu hawavui."

"Wanavua, mama. Wanatembea juu ya barafu kwa miguu yao. Wanatoboa shimo, wanaweka viti, wanakaa wanavua. Wengine wanaweka na kijumba chenye jiko. Mwenye boti hii huja kila mwaka."

"Unanidanganya."

"Kweli kabisa. Nimeona picha."

Niliendelea kupiga makasia. Kwa mbali gati lilikuwa limeanza kuonekana nikigeuza shingo, na nyumba ya juu, na moshi mwembamba kwenye bomba, maana yake mke wangu ameamka na kuwasha jiko.

"Mwezi gani?" mama akauliza.

"Januari hivi. Na Februari yote."

Nilisikia vidole vyake vikigonga ubavu wa boti, kama mtu anayehesabu.

"Februari mtoto atakuwa ameshika shingo vizuri," akasema. "Atabaki na mama yake pale kwenye nyumba yenye moto, mama mtu asome vitabu vyake. Sisi tutakuwa huku kwenye barafu."

Nikaacha kupiga makasia. Sikukusudia, mikono ilisimama yenyewe. Maji yaliendelea kudondoka kwenye ncha za makasia, boti ikawa inakwenda kwa nguvu yake ndogo iliyobaki, na mimi nikatazama magoti yangu yaliyolowa kwa sababu sikuweza kutazama kitu kingine. Nililia. Nilijitahidi kulia bila sauti, lakini tulikuwa karibu mno.

"Mbona umesimama?" akauliza, bila kugeuka.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi vuta. Binti yangu hajala."